Volti 12.6 zinatoka kwenye betri, bandani zinafika ngapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kibosho, namsaidia mama kufuga vifaranga. Tuna sola ya paneli moja ya wati 100 na betri ya 12V, Ah 100, iliyoko ndani ya nyumba. Nimevuta waya wa 1.5 hadi bandani, mita 30, nikafunga globu tatu za breki za gari za 12V 21W ili zipashe vifaranga joto usiku. Zinawaka nyekundu na joto ni kidogo mno. Nimepima betri ikasoma 12.6, na nikiwasha globu inashuka hadi 12.3. Nikatoa globu, nikapima kwenye holda bandani, nikakuta 12.6, kwa hiyo waya ni mzima. Nikapima ukinzani wa globu moja, omu 0.6. Kwa kanuni ya Ohm, 12 gawanya kwa 0.6 ni ampea 20. Globu tatu ni ampea 60! Lakini globu yenyewe imeandikwa wati 21. Fundi wa hapa anasema betri imechoka, tununue ya pili tuiunge na hii. Je, hesabu ya shule haifanyi kazi kwenye mambo ya kweli, au mimi ndiye nimekosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama msalimie. Betri msinunue kwanza. Kanuni ya Ohm nayo iache, haina kosa, na vipimo vyako nimevisoma mara mbili, vyote navikubali. Ulichofanya ni kupima vitu vikiwa vimepumzika, kisha ukavipigia hesabu kana kwamba viko kazini. Globu uliipima ikiwa baridi, na waya uliupima ukiwa haupitishi mkondo wowote. Mita ikakujibu ulichoiuliza.

Tuanze na globu maana ndiyo iliyokuvuruga. Uzi wake ni wa tungsteni. Ukiwa baridi, ukinzani wake ni mdogo. Ukiwaka sawasawa joto lake linapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Mkondo ambao mita hutoa inapopima omu ni kidogo kabisa, hauwezi kuupasha uzi ule hata kidogo. Kwa hiyo 0.6 uliyoiona ni ya globu iliyozimwa. Tena si yote ni ya globu: gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe, utaona inasoma 0.1 au 0.2 badala ya sifuri. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita. Unapopima vitu vya omu chache, toa kiasi hicho kwanza.

Ukinzani wa globu inayowaka unaupata kwenye maandishi ya kitako chake. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo wati 21 gawanya kwa volti 12 ni ampea 1.75. Kisha rudi kwa Ohm: ukinzani ni volti gawanya kwa ampea, 12 kwa 1.75, unapata omu 6.86. Linganisha na 0.6 yako. Zile ampea 20 hazikuwa ndoto tupu, kwa sababu swichi inapowashwa, kabla uzi haujapata moto, mkondo huruka juu kwa kitambo kifupi sana. Ndiyo maana globu nyingi huungua zinapowashwa badala ya kuungua katikati ya usiku.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mita yako na kanuni vinapatana, pima pasi. Ichomoe kwenye soketi, iache ipoe, geuza kidhibiti joto chake kiwe kimefungua njia, kisha pima kati ya pini mbili za umeme (ile ndefu ya ethi iache). Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 inatakiwa kusoma karibu omu 53, kwa sababu 230 mara 230 gawanya kwa 1,000 ni 52.9. Utaikuta hapo hapo, ikiwa baridi. Koili ya pasi ni nikromu, na nikromu haibadilishi sana ukinzani wake kwa joto. Hapo utaridhika kwamba shule haikukudanganya, na kwamba tungsteni ina tabia zake.

Globu zako tatu ziko sambamba, kila moja na njia yake. Volti ni ileile kwa zote, mikondo ndiyo inayojumlishwa: 1.75 mara tatu ni ampea 5.25. Ukinzani wa zote tatu kwa pamoja ni 6.86 gawanya kwa 3, yaani omu 2.29. Wanafunzi wengi hapa hukwama, wanaona ajabu kuongeza globu kukapunguza ukinzani. Lakini kila globu unayoongeza ni njia nyingine ya kupita, na njia zikiongezeka mkondo hupita kwa urahisi zaidi.

Sasa waya, na hapa ndipo joto la vifaranga lilipopotelea.

Waya una ukinzani. Kwenye vitabu vya shule huchorwa kama mstari usio na omu hata moja, na kwa meza ya maabara yenye nyaya za sentimita 30 hilo halina madhara. Kwa mita 30 ni habari nyingine. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita ya mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0172 hivi. Ukirefuka, unaongezeka. Ukinenepa, unapungua. Basi unachukua 0.0172, unazidisha kwa urefu, unagawanya kwa ile namba ya unene, yaani 1.5, 2.5, 4 na kadhalika. Urefu nao uwe wa kwenda na kurudi. Mkondo unatoka chanya ya betri, unapita kwenye globu, unarudi hasi. Banda liko mita 30 lakini mkondo unatembea mita 60. Nimeona watu wenye vyeti wakisahau hili, kisha wanashangaa kwa nini hasara iliyotokea ni mara mbili ya ile waliyoikokotoa.

Kwako: 0.0172 mara 60 gawanya kwa 1.5 ni omu 0.69.

Namba inaonekana ndogo. Iweke karibu na ya globu: globu tatu kwa pamoja ni 2.29. Kwa hiyo waya wako ni kama robo ya ukinzani wote wa sakiti. Na waya umekaa kwa mfuatano na globu, kila ampea inayozifikia lazima ipite ndani yake kwanza. Jumla ni 2.29 na 0.69, omu 2.98. Betri yako ikiwa kazini inatoa 12.3, kama ulivyopima. Mkondo ni 12.3 gawanya kwa 2.98, ampea 4.13. Waya unakula 4.13 mara 0.69, volti 2.85. Globu zinabakiwa na 9.45. Zidisha kwa ampea 4.13: wati 39. Mlinunua wati 63, vifaranga wanapata 39, na wati 12 zinapasha joto migomba iliyoko kati ya nyumba na banda.

Kuna jambo dogo la kurekebisha. Nimetumia omu 6.86 kwa kila globu, ambayo ni ya globu inayowaka kwa volti 12 kamili. Kwa volti 9 uzi umepoa kidogo, ukinzani wake umeshuka kidogo, mkondo kwa hiyo unazidi 4.13 na waya unakula zaidi. Ukweli utakuwa karibu na ampea 4.5, na holda itasoma 9.2. Leo usiku washa globu zote tatu, ziache dakika mbili, kisha pima kwenye holda huku zinawaka. Ukikuta 9 na kitu, hesabu yetu imekaa sawa na shaba yako ni shaba.

Ukikuta 7 na kitu, kagua mambo mawili. La kwanza ni viungo. Popote ulipounganisha waya kwa kusokota na kuzungushia utepe, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo na nyingine upande ule, globu zikiwaka. Kiungo kizuri kitasoma karibu na sifuri. Kikisoma 0.5, kata, kwangua, unganisha upya kwa konekta ya skrubu. Volti 0.5 kwa ampea 4.5 ni wati 2 na ushee zinazochoma sehemu ndogo sana, na utepe wa plastiki ulio karibu na maranda ya bandani haupendi mzaha huo. La pili ni waya wenyewe. Siku hizi madukani kuna waya wa bei ya kuvutia ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Ukinzani wa aluminiamu ni kama 0.028 pale ambapo shaba ni 0.0172, kwa hiyo "1.5" hiyo inafanya kazi ya waya mwembamba zaidi, bila wewe kuambiwa.

Je, kwa nini ulikuta 12.6 bandani baada ya kutoa globu? Rudi kwenye kanuni: volti zinazoliwa na waya ni mkondo mara ukinzani wa waya. Mkondo ni sifuri, na sifuri mara 0.69 ni sifuri. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa mamilioni ya omu, mkondo inaouvuta hauhesabiki. Ni sawa na bomba la kijijini: koki zote zikifungwa, msukumo wa bomba la chini kabisa ni mkubwa hata kama limejaa tope; fungua koki ndipo utajua. Waya wako ungekuwa umekatika nyuzi zote ukabaki na uzi mmoja tu, mita bado ingesoma 12.6. Kwa hiyo kipimo cha volti bila mzigo kinakuambia kwamba njia ipo. Upana wake hakiujui.

Hata Ohm mwenyewe alisumbuliwa na jambo la aina hii. Alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, na betri za wakati wake zilikuwa zinashuka volti akiwa katikati ya kipimo. Akaachana nazo, akatumia msukumo unaopatikana kwa kuunganisha shaba na bismuthi na kuweka kiungo kimoja kwenye joto na kingine kwenye baridi, kwa kuwa huo ulitulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827, na wenzake wengi hawakukipokea vizuri.

Nirudi kwa fundi wenu. Kwa uwekundu wa globu amekosea, na vipimo vyako vyenyewe vinaonyesha hivyo: betri inashuka kutoka 12.6 hadi 12.3, volti 0.3 tu. Volti nyingine 3 zinapotea baada ya betri. Ukiunga betri ya pili sambamba, volti zinabaki 12, waya unabaki uleule, na globu zitaendelea kuwa nyekundu kwa muda mrefu zaidi. Hapo kwenye muda ndipo fundi ana hoja, na inabidi tuiangalie kwa sababu inauma.

Globu tatu zikipata volti 12 zao zinavuta ampea 5.25. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa 12, kwa hiyo ni Ah 63, yaani ampea mara saa. Betri ya risasi ya Ah 100 isishushwe chini ya nusu kila siku, itakufa mapema. Mna Ah 50 za kutumia, mnataka 63. Upande wa kuchaji ni mbaya zaidi. Wati 63 kwa saa 12 ni wati-saa 756. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali, inatoa wati-saa 500 kwa makadirio ya ukarimu, na huko mlimani Juni na Julai mawingu yanaweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni. Kila usiku mtakuwa mnatoa kuliko mnavyoingiza. Betri mbili zitachelewesha tu siku ya kuishiwa.

Kwa hiyo nakujibu hata ambacho hukuuliza: sola hii haiwezi kubeba joto la vifaranga peke yake. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, na Kibosho usiku wa baridi si mahali pa kubahatisha. Joto kubwa liwe la jiko au chungu cha mkaa, na banda liwe na hewa ya kutosha, maana moshi wa mkaa unaua vifaranga na binadamu pia. Globu zibaki kwa mwanga na kwa kusaidia.

Hata hivyo hakuna sababu ya kuendelea kupoteza wati 12 njiani. Ukibadilisha waya uweke wa 4, ukinzani unashuka hadi 0.26 na globu zitapata volti 11 hivi. Wa 6 utakupa 11.4. Ukitaka hasara isizidi volti 0.6, ambayo ni asilimia 5 ya 12 na ndicho kipimo ninachopenda kukitumia kwenye sola, itabidi ununue waya wa 10. Mita 60 za shaba ya 10! Kabla ya kuuliza bei mjini, kaa chini kwanza.

Mimi ningehamisha betri. Ipeleke iwe mita 5 kutoka kwenye globu, nje ya banda, ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa na lisilofikiwa na kuku wala mvua. Sasa urefu wa kwenda na kurudi ni mita 10. 0.0172 mara 10 gawanya kwa 1.5 ni omu 0.115. Kwa ampea 5.2 waya unakula volti 0.6. Umepata kile ambacho waya wa 10 ungekupa, kwa waya uleule ulio nao, kwa kuukata tu.

Utaniuliza: paneli je, si iko juu ya paa la nyumba? Ndiyo, na mita 25 zilizobaki za waya wako zitatumika kuishusha hadi kwenye betri. Hasara itakuwepo, lakini mahali hapa haiumi sana. Paneli inayoitwa "ya volti 12" hutoa karibu volti 18 ikiwa kazini juani, na betri ikichajiwa hadi mwisho inahitaji 14.4. Kuna akiba ya volti 3 na nusu hivi. Wati 100 gawanya kwa 18 ni ampea 5.5. Ukinzani wa mita 50 za kwenda na kurudi ni 0.57. Zidisha, volti 3.15. Kumi na nane toa hizo ni 14.85, bado uko juu ya 14.4. Hii ni kwa kontrola (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia chaji) ya kawaida iliyoandikwa PWM, ambayo zile volti za ziada huzitupa tu. Ukiwa na ile ya bei kubwa, ya MPPT, hizo volti 3 ungezisikitikia, kwa sababu yenyewe inajua kuzigeuza kuwa chaji. Kontrola yenyewe ihame pamoja na betri. Ikibaki nyumbani itasoma volti zilizochakachuliwa na waya, itadhani betri imejaa wakati haijajaa.

Taa za ndani ya nyumba zitahitaji waya wao wa kurudi. LED tatu za wati 5 zinavuta ampea 1.25 tu, hasara kwenye waya mwingine wa 1.5 wa mita 25 ni volti 0.7, na LED nyingi za 12V zinavumilia hilo bila wewe kuona tofauti.

Kama TANESCO imefika kwenu, fikiria pia njia hiyo kwa usiku ambao umeme upo. Angalia namba: wati 63 zilezile kwa volti 230 ni ampea 0.27. Kwenye waya wako wa mita 30 hasara ni 0.27 mara 0.69, volti 0.19 kati ya 230. Wati zinazopotea kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo ukipungua mara 19, hasara inapungua zaidi ya mara 360. Hesabu hii ndiyo inayofanya umeme unaotoka Singida kuja Arusha upite kwenye laini ya kilovolti 220, na laini mpya inayovuka Namanga kwenda Kenya iwe ya kilovolti 400. Kwa matumizi, wati 63 kwa saa 12 ni robo tatu ya uniti moja ya LUKU. Globu ziwe za volti 230, hizo za gari usizikaribishe huko.

Lakini hapa hesabu ya ukinzani inabidi uipige kwenye mwili wako pia. Mtu aliyelowa mikono ana ukinzani wa omu 1,000 hivi. Volti 12 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.012, utashtuka labda. Volti 230 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.23, na ampea 0.03 tayari ni hatari kwa moyo. Bandani kuna maji, kinyesi na miguu mitupu. Kwa hiyo umeme wa 230 kule uwe na ethi, uwe na breka ya kukata mkondo ukivuja kwa ampea 0.03, waya uwe wa kuzikwa au uliopitishwa kwenye paipu, na afunge fundi mwenye leseni ya EWURA. Usijifunzie hapo. Mazoezi fanyia kwenye betri.

Na kwenye betri kuna tahadhari mbili. Unapopima ampea, mita inaingia ndani ya njia, yaani unakata waya mmoja na mita inakaa katikati. Usiiweke mita iliyo kwenye ampea kati ya chanya na hasi ya betri kama unavyopima volti. Ikiwa kwenye ampea, ukinzani wa mita unakaribia sifuri, na utakuwa umepiga shoti kwa mkono wako. Kama bahati ni yako, fyuzi ya mita ndiyo itakayokufa.

Ya pili ni fyuzi ya waya, ambayo hukuitaja kwenye swali, nami nahofia haipo. Tuseme panya ameutafuna waya bandani, chanya na hasi zikagusana, kwa ufungaji ulio nao sasa wa mita 30. Ukinzani uliobaki ni wa waya peke yake, 0.69. Mkondo ni 12.6 gawanya kwa 0.69, ampea 18. Ukiwa umeweka fyuzi ya ampea 30 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, haitakatika kamwe, na waya wa 1.5 utabaki unapitisha ampea 18 na kupata moto bila kitu cha kuukata. Fyuzi ya ampea 10 inabeba globu zako za ampea 5.25 bila shida, na hiyo shoti itaikata. Ukihamisha betri kama nilivyosema, shoti itapita ampea 100 na ulazima wa fyuzi unazidi. Iweke kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri unavyoweza, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu.